Kongosho limevimba na sababu "haijulikani": jinsi ya kuendelea kutafuta, hadi kwenye saratani adimu

Kaka yangu aliporuhusiwa kutoka wodini mara ya kwanza, karatasi yake ilikuwa na mistari minne tu. Ugonjwa: pankreatitisi ya ghafla, yaani kongosho kuvimba na kuwaka ghafla. Matibabu: dripu na dawa za maumivu. Sababu: haijulikani. Arudi endapo maumivu yatarudi. Niliikunja nikaitia mkobani kwa furaha, maana siku sita kabla ya hapo nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kifua kimelazwa juu ya godoro, kwa kuwa mkao mwingine wowote ulizidisha maumivu yaliyotoka chembe cha moyo yakapenya hadi mgongoni.

Mimi ni mhasibu. Kazini hesabu ikikataa kufunga siandiki "haijulikani" nikaenda zangu nyumbani. Natafuta mpaka nijue tofauti imetoka wapi. Lakini kwa kaka yangu nilikubali neno hilo bila swali hata moja, na miezi mitano baadaye tulikuwa wodini tena. Mwaka ulipokaribia kwisha ndipo tulipojua kwamba kilichokuwa kinaliwasha kongosho lake ni uvimbe wa milimita 14, kwenye mlango mdogo ambao watu wengi hatujui hata kama upo ndani yetu.

Naandika kwa ajili ya mgonjwa, au anayemuuguza, aliyeshika karatasi kama ile. Nilichoandika hapa nimekipata kwa kukaa kwenye viti vya kliniki, kuuliza na kuuliza tena, na kila hatua ni ya kwenda nayo kwa daktari wako.

Tuanze na uwiano, usije ukaogopa bure

Watu wengi wanaopata pankreatitisi ya ghafla hawana saratani. Mawe ya nyongo na pombe kwa pamoja ndivyo vinavyowaangusha wengi wao. Baada ya hapo kuna mafuta ya trigliseridi kupanda mno katika damu, kalsiamu kupanda, dawa fulani, maumbile ya kurithi, na kinga ya mwili kulishambulia kongosho. Uvimbe wa aina yoyote hupatikana kwa mgonjwa 1 hadi 2 hivi kati ya 100. Ni wachache. Shida ni kwamba wachache hao hulala kitanda kimoja na wale wengine, wana maumivu yale yale na majibu ya damu yale yale, na siku ya tano au ya sita wanaruhusiwa nao wakiwa wametulia.

Kwa nini uvimbe ulichome kongosho? Kongosho limelala kwa nyuma, nyuma ya mfuko wa chakula, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini. Vimeng'enya hivyo husafiri katika mrija wa kongosho. Mrija huo, ukikaribia mwisho, hukutana na mrija wa nyongo unaoshuka kutoka kwenye ini, na kwa kawaida yote miwili humwaga katika duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kupitia chuchu ndogo iliyo ukutani. Chuchu hiyo na chumba chake cha ndani ndiyo ampula ya Vater, kwa jina la Abraham Vater, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1720. Daktari alinionyesha ile ya kaka yangu kwenye skrini. Badala ya kichuguu kidogo laini niliona kitu kama ua lililofumuka, jekundu kuliko utumbo unaolizunguka, na upande mmoja palikuwa na doa la damu mbichi.

Kitu chochote kikiziba mlango huo, au kikibana mrija popote njiani, juisi hurudi nyuma, vimeng'enya huamka kabla ya wakati na kuanza kulimeng'enya kongosho lenyewe. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Ya pili ni saratani iliyo mbali kabisa na kongosho lakini inapandisha kalsiamu katika damu. Ya tatu ni saratani iliyosafiri kutoka kiungo kingine ikatua ndani ya kongosho. Na ya nne si saratani yenyewe bali tiba yake: asparajinesi, dawa inayotumika kwa saratani ya damu ya aina ya limfoblasti, inajulikana kwa kuwasha kongosho.

Kusanya karatasi kabla hazijapotea

Hili linaonekana dogo lakini lilituokolea wiki kadhaa. Usitoke hospitali na karatasi ya kuruhusiwa peke yake. Omba nakala ya majibu ya damu ya siku ya kwanza, maandishi kamili ya kila kipimo cha picha, na picha zenyewe kwenye diski. Maandishi ya picha yakiwa pekee hayatoshi, kwa sababu daktari bingwa atakayekupokea atataka kuziona kwa macho yake.

Majibu ya siku ya kwanza yana thamani ambayo hairudi. Lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa katika damu, siku ile kwa kaka yangu ilikuwa 1,840, wakati kikomo cha maabara kilikuwa 60. Ili ugonjwa uitwe pankreatitisi ya ghafla, mgonjwa anatakiwa awe na mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina ile, lipasi au mwenzake amilesi iliyopanda angalau mara tatu ya kikomo, na picha inayoonyesha kongosho lililovimba. Lipasi hushuka baada ya wiki moja au mbili, na amilesi huwahi zaidi, hivyo ukienda kwa bingwa mwezi ujao bila karatasi, atabaki kukuamini kwa mdomo.

Trigliseridi nazo hushuka haraka mgonjwa akifungishwa kula na kuwekewa dripu. Kama hazikupimwa mapema, jibu zuri la siku ya nne lisikutulize. Kiwango kinachotiliwa shaka kuwa ndicho kilicholeta ugonjwa ni kuanzia 11.3 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, sawa na 1,000 kwa maabara zinazotumia miligramu kwa desilita. Kalsiamu ni ya ajabu zaidi. Pankreatitisi yenyewe huishusha. Kwa hiyo mtu ambaye kalsiamu yake huwa juu siku zote anaweza kupimwa akiwa wodini ikaonekana ya kawaida kabisa. Omba ipimwe tena baada ya kupona, pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, ili hesabu irekebishwe. Sisi hatukujua hilo hadi daktari wa tatu.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kiswahili chetu kinatumia mzizi mmoja kwa mambo mawili tofauti: kongosho *limevimba*, na kongosho *lina uvimbe*. La kwanza ni pankreatitisi, la pili ni kitu kilichoota. Mara ya kwanza muuguzi mmoja alituambia "ana uvimbe kwenye kongosho" akimaanisha limevimba, na shemeji yangu akalia usiku kucha. Mara ya pili, daktari aliyekuwa akisoma picha alisema maneno yale yale, safari hii akimaanisha kitu kilichoota, nasi tukaitikia kwa utulivu kwamba ndiyo, tunajua, ni lile la mwanzo. Uliza kila mara: limevimba lote, au kuna kitu kimeota? Mwombe akuonyeshe kwa kidole.

Soma maneno "haikuonekana" kwa macho mawili

Ripoti ya ultrasaundi ya kwanza ya kaka yangu ilisema mfuko wa nyongo hauna mawe, ini liko sawa, na mwishoni: "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi ya utumbo." Wodini jibu hilo lilisomwa kama "ultrasaundi iko sawa". Haikuwa sawa. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ni kipimo kizuri cha kutafuta mawe, lakini kongosho limejificha nyuma ya utumbo wenye hewa, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. Kisichoonekana hakijasemwa kuwa hakipo.

Kosa la aina hiyo hiyo tulilipata kwenye kamera. Kati ya shambulio la kwanza na la pili kaka alipimwa kwa endoskopi ya kawaida, kwa sababu damu yake ilikuwa imepungua, hemoglobini 10.4. Majibu yakasema mfuko wa chakula na duodenamu ni salama. Nilijua baadaye kwamba kamera ya kawaida hutazama mbele, kama mtu anayepita korido huku akitazama mlango wa mwisho. Ampula iko kwenye ukuta wa pembeni, nyuma ya kunjo, na inaweza kupitwa kabisa. Ipo endoskopi nyingine yenye jicho la ubavuni, iliyotengenezwa ili kuitazama ampula uso kwa uso. Kama mgonjwa wako ameambiwa "kamera iko sawa", uliza swali moja: *ampula ilionekana, na imeandikwa kwenye ripoti?*

Funga kwanza sababu za kawaida, lakini zifunge kweli

Hakuna daktari atakayekuelewa ukiingia kliniki unadai kutafutiwa saratani adimu wakati mawe hayajatafutwa ipasavyo. Ultrasaundi ya nyongo irudiwe kama ya kwanza haikupata kitu, kwa maana mawe madogo hufichika. Vimeng'enya vya ini vya siku ile ya kwanza navyo vina neno: kimojawapo, ALT, kikiwa kimepanda sana ndani ya saa 48, huelekeza kwenye njia ya nyongo. Orodhesha dawa zote anazotumia, za hospitali na za kujinunulia, na tarehe alipoanza kila moja. Azathioprini na valproeti ni kati ya zinazojulikana kuwasha kongosho. Uliza kama katika ukoo kuna mtu aliyepata ugonjwa huu akiwa kijana.

Kuhusu pombe, sema ukweli wote, wa kunywa na wa kutokunywa. Kaka yangu hanywi. Aliulizwa mara saba, nilihesabu, na mara mbili nilihisi hakuaminika. Nilijifunza kutokasirika na badala yake kusema hivi: "Hanywi, na mimi ni mdogo wake ninayemwona kila siku. Naomba liandikwe kwenye faili kwamba pombe imeulizwa na haipo, ili tuendelee na sababu nyingine." Likishaandikwa, halirudiwi kama jibu la mkato.

Dalili zinazotakiwa kukufanya usikubali neno "haijulikani"

Umri ni wa kwanza. Mtu aliyevuka miaka 40 akapata pankreatitisi isiyo na sababu inayoonekana, miongozo ya madaktari wa tumbo inataka uvimbe wa kongosho ufikiriwe. Kaka alikuwa na 52.

Kupungua uzito bila kukusudia ni dalili nzito sana. Watu walisema kaka amepungua kwa sababu ya kulazwa, nasi tukakubali. Nilipofungua daftari langu nikaona alikuwa kilo 81 kabla ya shambulio la kwanza, 78 alipotoka, na 74 miezi mitatu baadaye, akiwa nyumbani, anakula. Aliyepungua kwa ajili ya kulazwa hurudisha mwili. Yeye aliendelea kushuka. Mpime mgonjwa wako kila wiki, mzani ule ule, saa ile ile, andika.

Angalia choo na mkojo. Najua ni jambo la faragha, na kaka alinificha kwa wiki nyingi. Choo kilichopauka, chenye mafuta, kinachoelea na kugoma kuondoka na maji, kinasema vimeng'enya au nyongo havifiki utumboni. Mkojo wa kahawia iliyokolea, macho ya njano na ngozi inayowasha bila upele vinasema nyongo imezuiwa. Kwa uvimbe wa ampula umanjano unaweza kuja na kuondoka, kwa sababu uvimbe huweza kumeguka juu na kuachia njia kwa siku kadhaa kisha ukaziba tena. Kwa hiyo usifute uliyoyaona jana eti kwa kuwa leo macho ni meupe. Piga picha ya macho mchana, dirishani, uihifadhi na tarehe yake.

Mengine nayapitia haraka: kisukari kipya kwa mtu mzima asiye mnene na asiye na historia yake katika familia, damu kuganda kwenye mguu bila sababu, upungufu wa damu usioelezeka, shambulio la pili. Na katika karatasi za picha, tafuta maneno yanayosema mrija wa kongosho au wa nyongo *umepanuka*. Mrija haupanuki bure. Mirija yote miwili ikipanuka kwa pamoja, tatizo mara nyingi liko pale inapokutana.

Saratani zenyewe, na alama inayoacha kila moja

Saratani ya kawaida ya kongosho, ile inayoota kwenye kuta za mrija, ndiyo hutafutwa kwanza, nayo si adimu kiasi cha kusahaulika. Zilizobaki ndizo zinazopitwa.

Ya ampula ndiyo niijuayo kwa karibu. Ni chini ya saratani 1 kati ya 100 za njia ya chakula. Kwa kuwa imekaa mlangoni, hujionyesha ingali ndogo, na ndiyo maana wengi wake huwahi upasuaji na matokeo yake kwa jumla ni mazuri kuliko ya saratani ya kichwa cha kongosho. Mara nyingi huanza kama adenoma, uvimbe ambao bado si saratani. Hapa pana mtego uliotukamata. Bayopsi ya kwanza ya kaka, yaani vipande vidogo vilivyokatwa vikapimwe maabara, ilisema "adenoma, hakuna saratani", tukashangilia. Daktari wa upasuaji akatutuliza kwa upole: vipande vile vimechukuliwa juu juu, na saratani inaweza kuwa imejificha chini. Ndivyo ilivyokuwa. Jibu la bayopsi ya ampula lisilo na saratani halifungi faili.

Saratani ya seli za asina huota kwenye seli zile zile zinazotengeneza vimeng'enya. Baadhi yake humwaga lipasi kwenye damu kwa wingi, kiasi cha kuyeyusha mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mgonjwa hupata vinundu vyekundu vyenye maumivu, hasa miguuni, na viungo vinavyouma kama vya baridi yabisi. Mtu mwenye lipasi iliyogoma kushuka wiki baada ya wiki, tumbo haliumi tena lakini miguu ina vinundu, asipelekwe kwa daktari wa ngozi peke yake.

Uvimbe wa nyuroendokrini wa kongosho, unaoota kwenye seli za homoni, huweza kubana mrija, na aina chache hutoa homoni. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao MEN1 unaounganisha uvimbe huu na ule wa tezi za parathiroidi, tezi ndogo za shingoni zinazoongoza kalsiamu, hivyo mtu huyo huyo anaweza kuwa na kalsiamu ya juu na kitu kwenye kongosho. Kuna pia IPMN, uvimbe unaotoa ute mzito ndani ya mirija. Wenyewe si saratani bado, lakini unaweza kugeuka, na ute wake huziba mrija na kuleta mashambulio madogo madogo kwa miaka. Mrija mkuu ukipanuka kufika milimita 10 au zaidi, hilo huchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Sasa zile zinazotoka mbali. Saratani ya figo ina tabia ya kutua kwenye kongosho miaka mingi baadaye, hata zaidi ya 10 baada ya figo kutolewa. Mgonjwa ameshasahau, kovu limefifia, na akiulizwa "una ugonjwa mwingine?" anajibu hapana. Taja kila upasuaji, hata wa zamani sana. Saratani ya mapafu ya seli ndogo na ya matiti nazo zinaweza kufika huko, na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, huweza kulivamia kongosho au tezi zinazolizunguka. Hii ya mwisho hutibiwa kwa dawa bila kisu, ndiyo maana bayopsi ina maana kabla ya kukimbilia upasuaji. Kalsiamu ya juu ikithibitishwa baada ya kupona, omba homoni ya parathiroidi ipimwe. Mara nyingi sababu ni uvimbe usio na madhara makubwa wa tezi hizo, mara chache mno ni saratani yake. Homoni hiyo ikiwa chini huku kalsiamu iko juu, madaktari hutafuta mayeloma, saratani ya seli za plazima, na saratani nyingine zinazopandisha kalsiamu.

Vipimo vya picha: wakati ni muhimu kama mashine

CT skani iliyofanywa siku ya kwanza au ya pili ya maumivu huonyesha kongosho lililojaa maji, na katika uvimbe huo wote kitu kidogo kinafichika. Kwa sababu hiyo picha hurudiwa mambo yakishatulia, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 8. Sisi hatukupewa tarehe. Weka tarehe hiyo kabla hujatoka wodini, iandikwe na jina la kipimo. Omba CT ifanywe kwa utaratibu wa kongosho, yaani yenye dawa ya mshipani na picha za awamu zaidi ya moja. Kama figo za mgonjwa ni dhaifu au anatumia metfomini, dawa ya kisukari, mtaje mapema.

MRCP ni MRI inayochora mirija ya nyongo na kongosho bila kuingiza chochote. Hii ndiyo iliyotutoa gizani: mirija miwili iliyopanuka, yote ikikatika ghafla mahali pamoja. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo au chuma mwilini aseme kwanza.

Endoskopi yenye ultrasaundi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kamera inashuka hadi duodenamu ikiwa na ultrasaundi kwenye ncha, kwa hiyo kongosho linatazamwa kutoka jirani kabisa, bila hewa katikati. Huona vitu vya milimita chache ambavyo CT huvipita, na huweza kuchukua sampuli kwa sindano hapo hapo. Haipatikani kila mahali. Omba rufaa.

ERCP ni jambo jingine, usichanganye. Ni endoskopi inayoingia ndani ya mirija, inafaa kufungua njia na kuweka stenti, kijibomba cha kuiacha njia wazi, lakini yenyewe inaweza kuamsha pankreatitisi. Kama lengo ni kutazama tu, uliza kwa nini isianze MRCP au endoskopi yenye ultrasaundi. Ikilazimika, uliza kuhusu diklofenaki au indometasini ya njia ya haja kubwa, inayopunguza hatari hiyo.

Damu ya CA 19-9, alama ambayo baadhi ya saratani huipandisha, itatajwa. Kikomo chake ni 37, lakini hupanda pia kwa umanjano na kwa pankreatitisi yenyewe, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa. Ikiwa juu haithibitishi, ikiwa chini haisafishi. Kipimo cha IgG4, aina ya kingamwili, nacho kina maana, kwa kuwa pankreatitisi ya kinga ya mwili huiga saratani kwenye picha na hutibika kwa steroidi.

Maneno ya kumwambia daktari

Kliniki ni ya dakika chache. Mimi niliandika ukurasa mmoja: tarehe za mashambulio, lipasi ya kila moja, uzito kwa mwezi, sababu zilizokwisha kufungwa na kipimo kilichozifunga, na ambazo hazijaguswa. Nilimpa mkononi kabla ya kukaa. Kisha nikauliza matatu: "Daktari, ni sababu gani ambazo bado hatujaziondoa? Kongosho lote na ampula vimeonekana vizuri? Ni lini tunarudia picha, na nani atazisoma?" Hakuchukia. Aliusoma ukurasa wangu mara mbili, akachukua kalamu, akafuta kwenye faili neno "haijulikani" na juu yake akaandika "inachunguzwa". Mkono wangu ulitetemeka.

Wakati mnasubiri, msisubiri nyumbani maumivu makali yakirudi, mgonjwa akitapika bila kukoma, akipata homa na baridi, macho yakiwa ya njano au akianza kuchanganyikiwa. Homa pamoja na umanjano ni dharura ya usiku ule ule.

Baada ya kupata jibu

Kaka alifanyiwa upasuaji wa Whipple, unaoitwa kwa jina la Allen Whipple, aliyechapisha mwaka 1935 taarifa yake kuhusu saratani ya ampula hii hii. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodenamu, sehemu ya mrija wa nyongo na mfuko wa nyongo, kisha utumbo huunganishwa upya. Ni upasuaji mkubwa. Tafuteni hospitali inayoufanya mara nyingi, na mwulize daktari wa upasuaji bila aibu hufanya mingapi kwa mwaka, maana katika upasuaji huu uzoefu wa timu huonekana kwenye matokeo. Maabara ilipata saratani ndani ya ile adenoma, na tezi za limfu 17 zilizokaguliwa hazikuwa nayo hata moja.

Uvimbe wa ampula ukipatikana, uliza pia kuhusu utumbo mpana. Upo ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo), FAP, unaoambatana na uvimbe huu, na kaka alifanyiwa kolonoskopi, kamera ya utumbo mpana, kabla ya kisu. Ilikuwa safi. Kama isingekuwa safi, ningetakiwa kupimwa mimi na watoto wake.

Sasa anameza vimeng'enya vya vidonge kila anapokula, na hapa nina jambo la mwisho la vitendo, kwa sababu tulilikosea kwa miezi miwili. Alikuwa akivimeza baada ya kumaliza sahani, na choo kiliendelea kuelea. Vidonge hivyo humezwa na tonge la kwanza, na chakula kikiwa kingi au mlo ukiwa mrefu, vingine katikati ya mlo, ili vichanganyike na chakula kinaposhuka. Wiki ya pili baada ya kubadilisha, mzani ulipanda kwa nusu kilo. Niliandika kwenye daftari lile lile: 71.5.